Shimo la Akiba Kwa Lugembe

Kwa Lugembe, Goweko
14 Januari 1974

Mdogo wangu Ambrosi,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, maana najua umeniamkia huko uliko hata kama sijakusikia. Sisi huku wazima kwa kadiri ya uzima wa mwaka huu. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamgombeza asubuhi. Mwanangu Leonia hajambo, na watoto wake watatu hawajambo. Yule wa mwisho ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba, hata padri aliyekuja kusalimia. Mbuzi mweusi alizaa pacha, mmoja akafa. Mzee Mfaume fundi cherehani wa pale stesheni anakusalimu sana, anauliza kama suruali aliyokushonea bado inakutosha au umeshanenepa kwa nazi za Tanga.

Sasa nikueleze la mvua. Ilinyesha siku nne mwezi wa Novemba, tukakimbia kupanda kama wote, halafu ikakatika. Mahindi yamekauka yakiwa hayajafika magotini. Mtama umejitahidi, lakini nao umekata tamaa. Nilipanda tena mwezi wa Desemba, na hiyo mbegu nayo imelala chini.

Kihenge cha nje nilikipima jana kwa mkono, nikafika chini kabla bega halijagusa ukingo. Kwa kula mara moja kwa siku kitatufikisha Pasaka. Baada ya hapo liko shimo la akiba ulilolifunga wewe.

Ndiyo maana nakuandikia. Nilimwambia mama tulifungue sasa, tutoe gunia moja tu, tulifunge tena. Akakataa kabisa. Unajua sheria ya nyumba hii tangu enzi za babu Lugembe: mkono uliofunga ndio unaofungua, au mwenye mkono atoe ruhusa. Mimi nilidhani mama ataona hali, lakini amekuwa mgumu kuliko jiwe lenyewe. Juzi nimemkuta amehamishia mkeka wake nyumba ya kusagia, analala juu ya kifuniko cha shimo. Nikamwuliza, mama, unamlinda nani na nani? Akasema magoti yake yanapenda baridi ya pale.

Kwa hiyo nijibu upesi. Likizo yako ni lini? Kama ni mbali, toa ruhusa kwa barua, nimsomee.

Wakati mwingine nikisaga hapo juu nawaza ule mwaka jana ulivyokuwa. Mtama hadi tukakosa pa kuuweka! Gunia kumi na mbili chini, karanga za mbegu pembeni, mitungi miwili ya asali, na viazi vibichi ndani ya majivu katika kile kishimo cha kando. Babu alikuwa mtu wa akili. Alichimba chini ya nyumba ya kusagia ili misafara ya pwani ikipita hapo zamani na bunduki zake, iwakute wanawake wanasaga pumba huku wanalia njaa, na chakula chote kipo chini ya makalio yao. Wewe ulilifunga, na sisi tunalikalia. Kazi yako ilikuwa ya mbio kidogo, bwana mkubwa wa treni, lakini ulifanya.

Dada yako,
Marcelina


Shamba la mkonge, karibu na Muheza
20 Februari 1974

Dada yangu mpendwa Marcelina,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Baada ya salamu, mimi mzima wa afya njema, mashaka yangu ni juu yenu. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja lakini ilisomeka yote. Msalimie mama, mwambie namshika miguu. Msalimie mpwa wangu Leonia na watoto. Mwambie Mzee Mfaume suruali inanitosha na imebaki.

Huku kazi ipo lakini si kama zamani. Mkonge hauna bei, mashine moja ya kusindika imesimama, na makambi mawili yamefungwa. Wenzetu wengi wa kutoka Tabora na Kigoma wamerudi makwao. Mimi bado nipo kwenye mizani, napima matita, kazi ya kivulini, namshukuru Mungu. Chakula kipo kipo. Muhogo hapa hauna adabu, unaota hata njiani.

Kuhusu lile jambo uliloandika. Dada, mama ana haki. Shimo si kihenge, haliwezi kuguswa ovyo ovyo. Ukilifungua kutoa gunia moja umeingiza hewa, na hewa ikiingia wadudu wanaamka. Afadhali mvumilie kwanza. Mvua za masika zinaweza kubadilisha hali. Likizo yangu naitazamia mwezi wa Septemba, nitakuja mwenyewe kulifungua kwa mkono wangu, na tutakula kwa furaha.

Kwa hiyo ruhusa sitoi kwa sasa. Usinielewe vibaya.

Hapa kuna mtu wa Sikonge ana redio, jioni tunasikiliza habari za nyumbani. Wanasema vijiji vya Ujamaa vinakuja kwa nguvu mwaka huu. Huko kwenu wamefika?

Ndugu yako mtiifu,
Ambrosi


Kwa Lugembe, Goweko
31 Machi 1974

Mdogo wangu,

Milele amina. Marahaba. Pole na mkonge. Sisi wazima. Mama mzima, anakula vizuri, usiwe na wasiwasi naye hata kidogo. Watoto wa Leonia walipata surua, imepita. Yule mbuzi mweusi tumemla Jumapili iliyopita kabla njaa haijamla.

Umeandika muhogo wa Tanga unaota njiani. Ahsante kwa kutusimulia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wewe unatuchorea sahani.

Kuna jambo jipya. Serikali inaleta mahindi ya msaada, yale ya njano; watu wameshayapa jina la yanga kwa ile rangi ya timu. Yanateremshwa stesheni, na kila balozi wa nyumba kumi anaandika kaya zisizo na kitu. Balozi wetu ni Raymundi, yule mwana wa katekista, uliyesoma naye. Amekuja na daftari. Akaniuliza, mama Leonia, ninyi mna akiba? Nikamwambia kweli, maana sikufundishwa kudanganya mbele ya daftari: kihenge kimekwisha lakini shimo lipo, na limejaa. Akasema basi nyumba yenye shimo lililojaa haiwezi kuandikwa na nyumba isiyo na hata pumba. Nikaona ni haki. Kwa Minza jirani yetu watoto wanakula majani ya mlenda matupu, nitamnyang'anya mlo wake kwa uso gani?

Hata michembe yangu ya mwisho, kile kikapu kimoja cha viazi vikavu, nilimgawia Minza nusu. Nilijiambia sisi tuna shimo.

Lakini Raymundi ni mtu wa taratibu. Anasema neno la mwanamke juu ya shimo la kaya halitoshi katika daftari, anataka barua ya mwanamume aliyelifunga, iseme lina nini. Kama halina kitu, sema halina, atatuandika siku hiyo hiyo. Kama linacho, sema linacho. Mama aliposikia hivyo akasema, "Mwacheni Ambrosi aseme mwenyewe."

Basi sema.

Marcelina


Shamba la mkonge, Muheza
2 Mei 1974

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama anakula vizuri, hilo ndilo linanipa usingizi. Poleni na surua. Mimi nilipata homa wiki moja, sasa nafuu.

Nimeandika karatasi ya Raymundi na nimeiweka humu humu ndani. Inasema hivi, nawe usome ujue: "Mimi Ambrosi, mjukuu wa Lugembe, nathibitisha ya kwamba mwezi wa Julai 1973 nilifunga kwa mkono wangu shimo la akiba la kaya yetu, lenye gunia kumi na mbili za mtama, karanga na viazi, na kwamba akiba hiyo ipo salama." Nimetia sahihi na dole gumba.

Sikuona vema jina la mzee Lugembe lisomwe pamoja na majina ya ombaomba. Watu wa Goweko wana midomo.

Msilifungue lakini. Septemba si mbali. Jifungeni kibwebwe.

Leo sina mengi. Kichwa kinaniuma.

Ambrosi


Kwa Lugembe, Goweko
9 Julai 1974

Ambrosi,

Tumsifu Yesu Kristo. Raymundi aliisoma karatasi yako mbele ya mkutano wote, kwa sauti, kama Injili. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya babu yetu. Tukafutwa kwenye orodha, na tumebaki na makofi.

Tumevuna debe tatu za mtama na kikapu cha kunde. Tunakula mara moja kwa siku, uji mchana, ndiyo hivyo. Mama anasema jino linamwuma, uji wake huwapa watoto. Nilimchungulia mdomoni, hana jino la kuuma upande huo. Nilipomwambia hivyo akacheka, akasema basi linamwuma pengo. Sitaki uwaze sana, ni mzee, wazee hula kidogo.

Sasa sikiliza haya mawili.

La kwanza, vijiji vimefika. Bwana wa wilaya alikuja na Land Rover, wakapima viwanja kule mbugani karibu na barabara kuu, nyumba kwa mstari, mbele na nyuma, kama matuta ya viazi. Wote wa huku mashambani tuwe tumehama kabla ya Septemba kwisha. Atakayekaidi paa lake litashushwa. Nilimwuliza yule kijana mwenye kamba ya kupimia, tutachimba wapi shimo? Akanishangaa. Akasema kijiji kitakuwa na ghala moja la wote. Nilienda nikakichimba hicho kiwanja changu kwa jembe, kiuno tu kuteremka, maji yakaanza kutoka pembeni. Mahali pale hata kaburi halitakuwa kavu.

Kwa hiyo lazima lifunguliwe kabla hatujahama, uwepo au usiwepo. Gunia kumi na mbili hazibebwi kwa kichwa siku moja na mama mgongoni.

La pili. Nilikuwa kwa Mzee Mfaume nikishonesha viraka. Akanena kwa mazungumzo tu ya fundi, bila nia mbaya, kwamba mwaka jana alikuona Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, umekaa barazani kwa mwanamke mmoja aitwaye Mwamvita, na ilikuwa siku nyingi kabla hujateremka treni hapa Goweko. Nikamwambia amefananisha, maana wewe ulikuwa na likizo ya siku kumi tu na ulizimalizia zote hapa. Akasema, "Mimi ni fundi, mama Leonia. Suruali niliyoikata kwa mkono wangu naijua hata ikitembea."

Sikuulizi la mwanamke. Wewe ni mtu mzima na mjane kama mimi. Nakuuliza la siku. Kwa nini ulitukimbiza vile? Ule ukuta wa shimo wa upande wa mashariki ulioporomoka kwa mvua, ulioutengeneza kwa udongo wa kichuguu, baba alikuwa anauacha siku saba ukauke, ndipo anawasha moto wa siku tatu humo ndani mpaka ukuta unakuwa mwekundu na unalia ukigongwa. Wewe ulitupeleka mbio. Mimi nilikuwa shambani siku zile, sikuteremka. Mama ndiye aliyeteremka nawe kutandika majivu. Nimemwuliza yeye, anasema ulifanya kila kitu kama baba yako.

Niambie na wewe.

Marcelina


Shamba la mkonge, Muheza
11 Agosti 1974

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tano. Hii ya sita naipeleka posta bila kuisoma tena.

Likizo yangu ilikuwa siku ishirini na moja. Kumi na moja nilizila Tabora. Nilipofika kwenu nilikuta ukuta umeanguka, mavuno yamerundikana uani, na nyote mnanitazama mimi. Nilizoa kifusi siku sita, nikapiga udongo siku ya saba. Nikawasha moto alasiri moja tu, kuni zikawa zinafuka kwa unyevu, nikauzima. Ukuta ulikuwa bado mbichi, dada. Niliuziba kwa mikeka na majivu mengi ili mama asiuone, nikamimina mtama juu yake, nikafunga. Kesho yake nikapanda treni. Kutoka Goweko hadi Dodoma sikula kitu.

Nilijua tangu mwezi wa kwanza, uliponiandikia. Kila ulipotaja shimo niliona ukuta ule. Nilijiambia labda majivu yamenyonya maji yote. Nilijiambia mvua itanyesha na hamtalihitaji, nami nitakuja nilisafishe peke yangu kimya kimya, hakuna atakayejua. Halafu uliponitaka niandike karatasi ya Raymundi, ningesema nini? Kwamba shimo lililowashinda watu wa bunduki, mjukuu mwenyewe ameliozesha kwa sababu ya baraza la mwanamke? Kalamu ilikataa.

Lifungueni leo hii. Ondoeni kifuniko, mwache hewa itoke siku nzima, teremsheni mwenge kwanza. Ukizimika asiingie mtu, mtama uliooza unaua. Chukueni karanga kama zimepona. Asali haiozi. Halafu nenda kwa Raymundi, umwambie nilisema uongo, umsomee barua hii yote mbele ya mkutano kama alivyosoma ile. Atuandike.

Likizo ya Septemba haipo. Nilikudanganya na hilo. Hapa anayeondoka harudishwi kazini. Lakini hata ingekuwepo sijui kama ningekuja.

Mama asijue. Nakuomba hilo moja.

Ambrosi


Kijiji kipya, kiwanja namba 46
6 Septemba 1974

Mdogo wangu Ambrosi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijapata jibu la barua yangu ya Julai. Labda limepotea, maana stesheni sasa magunia ya barua na ya mahindi yamelala pamoja, na hakuna anayejua kwetu ni wapi tena. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kinu. Nyumba hatuna bado, tuna miti minne na nyasi.

Walikuja Jumatatu asubuhi, si mwisho wa mwezi kama walivyosema. Lori moja na mgambo saba. Wakatupa muda mpaka saa nane mchana. Nikasema sheria au si sheria, shimo linafunguliwa sasa. Mama alisimama mlangoni pa nyumba ya kusagia akanyoosha mikono kama msalaba. Sijapata kumwona hivyo maisha yangu. Alikuwa anasema, "Liacheni, mayo, mama wee, liacheni, lifukieni tu, twendeni." Leonia akambeba kama mtoto, akamweka uani. Ambrosi, alimbeba kwa mkono mmoja. Hapo ndipo nilipomwangalia mama yangu.

Tukasogeza jiwe, tukainua kifuniko. Harufu ikatoka, mgambo mmoja akakimbia. Nikateremsha mwenge, haukufika hata nusu, ukazimika. Tukangoja huku wanatupigia kelele za lori. Mara ya tatu ulipowaka, Leonia akateremka na kamba kiunoni. Akajaza kikapu cha kwanza, tukavuta. Ulikuwa mweusi, umeshikana, unavuta nyuzi. Cha pili hivyo hivyo. Karanga zimeota mvi. Viazi ni maji. Mitungi ya asali ilikuwa imepasuka kwa uzito wa mtama uliovimba. Leonia akapanda, akatapika pale pale, mapovu matupu kwa sababu hakuwa amekula kitu.

Mama akasema kutoka kule alipokaa, "Ni maji ya mvua ya Novemba, yamepenya kwa chini. Mwanangu alifunga vizuri." Akalirudia hilo mpaka mgambo nao wakaitikia, ndiyo bibi, ni mvua.

Usijilaumu. Nakuandikia hili kabla hujasikia kwa mtu mwingine ukadhani ni kosa lako. Nilikuwa na mashaka nawe kwa maneno ya Mfaume, na naomba unisamehe kwa ile barua kali. Mvua ya siku nne, imekataa shambani, imekwenda kuingia shimoni.

Walishusha paa, wakatia moto nyasi. Tumehama na kinu, masufuria, na rozari ya mama.

Na sasa nikuambie niliyokuficha. Mama hali vizuri. Nilikuandikia anakula ili usiache kazi ukaja huku ukawa mdomo wa ziada. Hajala chakula kamili tangu mwaka jana. Hawezi kusimama sasa. Raymundi amesema atatuandika, lakini barua yako bado ipo katika daftari lake na wakubwa wa wilaya wameiona. Inabidi aje mtu akague shimo. Shimo lenyewe liko chini ya majivu ya nyumba.

Kama kuna njia yoyote ya kupata unga huko, tuma.

Marcelina


Muheza
1 Oktoba 1974

Dada,

Barua yako ya tarehe 6 nimeipata leo asubuhi. Hukupata yangu ya Agosti? Niambie kama hukuipata. Kama hukuipata basi usiisome ikifika, au isome, sijui, isome.

Nimemkabidhi yule mtu wa Sikonge gunia la unga wa muhogo, anapanda treni kesho, atalishusha Goweko kwa jina lako. Mwambie mama ale. Mwambie Ambrosi amesema ale.

Je, amesimama? Nijibu kwa simu ya maandishi, maneno mawili yatatosha.

Umenisamehe?

A.


Kijiji kipya, kiwanja namba 46
20 Oktoba 1974

Ambrosi,

Barua zako zote mbili, ya Agosti na ya Oktoba, nimekabidhiwa siku moja, juzi, pamoja na unga wako. Nilizisoma kwa mpangilio wa tarehe.

Mama alifariki Jumamosi tarehe 28 Septemba, saa nne asubuhi. Padri alimwahi. Tumemzika hapa hapa kijijini, hatukuruhusiwa kurudi kule kwa baba. Nilikuambia juu ya udongo wa hapa, kwa hiyo sitaeleza. Yanga imeanza kutolewa kwetu tangu juma lile, watu sita katika daftari, kisha watano na mmoja amekatwa kwa kalamu nyekundu. Leonia hajambo. Yule mtoto mdogo bado mgonjwa.

Umeniomba nimfiche mama lile jambo la ukuta. Barua yako ilikuwa bado njiani aliponieleza yeye.

Ilikuwa Ijumaa, akiwa na akili zake zote. Aliniambia nimsogelee. Akasema siku ile mlipokuwa chini mkitandika majivu, ulimpa mgongo ukipokea kikapu, naye akaweka kiganja chake kwenye ukuta wa mashariki, nyuma ya mkeka. Kikarudi na tope. Akakifuta kwenye khanga yake. Nikamwuliza, mama, kwa nini hukusema? Angalau tungemwaga mtama uani, tungeukausha, tungeuweka hata ndani ya vyungu! Akasema, "Mwanamume akiaibishwa katika shimo la babu yake harudi tena nyumbani. Nilikuwa na mmoja tu."

Alidhani njaa haitakuja mwaka ule. Kisha mvua ilipokatika alianza kula nusu, halafu robo, akipiga hesabu zake za kihenge peke yake, apate kutuachia sisi mpaka wewe uje. Ndiyo maana alilala juu ya kifuniko. Nilidhani analinda chakula. Alikuwa anakulinda wewe nisije nikalifungua. Na Raymundi alipotaka barua, alisema uachwe useme mwenyewe, kwa kuwa aliamini utasema. Ilipokuja ile karatasi na watu wakapiga makofi, alikuwa amekaa karibu nami. Alipiga makofi na yeye.

Basi, hakukupata wewe, wala hakupata chakula.

Na mimi nilikuandikia anakula. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe, usije ukalichukua na kulifanya lako ili lako lipungue.

Barua yako ya Agosti sikuisoma mkutanoni. Raymundi ana watu mia mbili wa kulisha, haina faida kwa mtu. Nimeichoma. Watu wote hapa wanajua ni mvua. Ukitaka kuja, njoo, hakuna atakayekunyooshea kidole. Unga wako tumeupokea, watoto wameula.

Umeuliza kama nimekusamehe. Mama ndiye wa kukusamehe, na alikusamehe siku ile ile, kabla treni yako haijaondoka Goweko. Mimi sijafika huko.

Dada yako,
Marcelina